Mtunza Ghala

Miaka ishirini na sita, hapa Kiboriloni,
nimezungusha futi kamba viunoni mwa watu
nikiandika namba bila kuuliza kitu.
Leo nesi Aikande ameizungusha kwangu.
Mia moja na nne. Akaandika. Hakuuliza.

Nikamwambia: tumbo hili, mwanangu, ni adui.
Akageuza kadi yangu ya kliniki,
akachora utumbo, nyoka aliyeshiba,
na pembeni kitu mfano wa wingu.
"Hii ni shahamu," akasema. "Ina masikio."

Kijiko cha kwanza cha mtori kikishuka
utumbo hutuma matarishi, homoni,
wakashika njia ya damu.
Mmoja huamsha kongosho.
Mwingine hubisha hodi kwenye shahamu:
fungua, mzigo unakuja.

Hapo nikamwona baba,
Ndekirwa, karani wa ghala la chama cha msingi, Kibosho,
funguo saba kwenye mshipi.
Kengele ikilia aliacha chai, aliacha sala,
magunia ya kahawa yakaingia makavu,
yakalala juu ya mbao, mgongo kwa mgongo.

Mwaka ule zao lilifurika
kengele ikalia kutwa, ikalia usiku,
hata baba akaacha kuisikia
kama mtu aliyejenga kando ya mto.
Magunia yakabaki barazani. Vuli ikanyesha.
Tukayaingiza jikoni, chini ya vitanda,
mengine sakristia, mchungaji akinuna.
Mpaka Krismasi tulinuka uvundo.

"Ndivyo," akasema Aikande. "Shahamu ikiziwika,
mafuta hulala kwenye ini, kwenye misuli,
yanauzunguka moyo. Huko si ghalani."
Kuna dawa, anasema, inayomwita tarishi kwa nguvu;
kuna nyingine inayomfungia mlango;
na zote mbili, ajabu, hupunguza uzito.
Wataalamu bado wanabishana.
Nilipenda alivyolisema hilo bila aibu.

Baba hakuwahi kusamehewa na chama.
Nami kila asubuhi, nikifunga kanga mbili,
nimemtukana mtunza ghala wangu
aliyeelemewa mlangoni, funguo mkononi.

Jioni nikapakua mtori, nusu bakuli.
Nikameza kijiko kimoja, nikatulia,
nikitega sikio kwa ndani.
Nilichosikia ni cherehani ya jirani,
inakwama, inaanza tena.