Vitobo

Tangu nianze vidonge vya kuifanya damu nyepesi,
sindano ikinidunga, kidole hakijui kukoma.
Kofia tatu nimeziharibu tangu Rajabu.
Ya Maalim Badi ilipata tone pale pale utosini;
nikaisugua kwa ndimu na chumvi, likabaki
rangi ya chai iliyomwagika jana.

Moyo wangu, mwaka na miezi minne sasa,
hauhesabu.
Mbili za haraka, moja imepotea,
nne zagombania mlango,
kisha kimya, mpaka nashika ukuta wa ngazi hapa Kibokoni
na Bi Rukiya wa chini auliza nimeangusha nini.
Waliwahi kuustua kwa umeme kifuani.
Ukatulia siku kumi na moja,
kama mtoto aliyehongwa peremende,
kisha ukarudia yake.

Leo Ganjoni, ghorofa ya tatu,
Daktari Nyevu achora moyo nyuma ya bili.
"Fujo huanzia hapa sana, kwenye midomo ya mishipa minne
iletayo damu kutoka mapafuni.
Twapanda na waya kutoka kinenani mpaka ndani,
twazungushia kila mdomo kovu.
Kovu halipitishi umeme."

Kuna moto, asema. Ncha ya waya yachoma nukta,
yasogea, yachoma nyingine,
mpaka duara likutane na mwanzo wake.

Nikacheka. Salmini mwanangu akanikanyaga mguu.
Lakini hiyo si kofia ya viua hiyo?
"Na ukiruka kitobo kimoja?"
Akaniangalia upya.
"Umeme utapata upenyo, mama. Fujo itarudi."
Tena nyuma ya ukuta huo lapita koo la chakula,
na moto haujui mpaka wa jirani.

Barafu ni puto. Hupenyezwa likiwa limenywea,
likafutuliwa mdomoni mwa mshipa, likagandisha duara zima
kwa mkupuo mmoja,
kama ukingo wa bilauri juu ya unga uliosukumwa.
Saa za kulala mezani hupungua.
Ila si kila mdomo ni mviringo,
na karibu hapo pana mshipa wa fahamu unaoendesha pumzi;
ukiganda, utapanda ngazi zako ukihema.

Ya tatu ni mpya: umeme wa kufumba na kufumbua
unaoua nyama ya moyo na kuwaacha majirani, takriban wote, salama.
"Hiyo!" Salmini alisharuka kitini.
"Mashine yetu iko Kilindini," asema daktari,
"mwezi wa tatu huu, yangoja karatasi za ushuru."

Hata moyo wangu ulisita hapo, ingawa huo
husita bila sababu.

Hakunificha. Moyo uliozoea fujo mwaka mzima
huenda ukataka kurudiwa, kwa moto au kwa barafu.
Wako wanaoongeza mistari mingine ukutani;
yeye haongezi mpaka aone haja.
Hilo nalielewa. Pambo lisilo kazi
hulegeza kitambaa.

Salmini akauliza bei, akauliza tena, akaandika simuni
majina ya wajomba wa kuchangishwa.
Mimi nikatoa kofia mkobani, ile yenye doa,
nikamwekea daktari juu ya mchoro wake.
"Hii miezi minne. Mimi sikuuliza sindano gani ni bora.
Mkono wako umezoea ipi?"
Akaipitisha kidole ukingoni, taratibu,
akitafuta pengo.
"Moto," akasema. "Mia mbili na kitu.
Barafu kumi na mbili, tena nikisimamiwa."
Pengo hakuliona. Lipo. Nalijua mwenyewe lilipo.

Usiku stima imekatika, nashona kwa taa ya simu.
Sijamjibu mtu.
Nahesabu vitobo kwa sauti
ili nao, huko ndani, usikie hesabu ilivyo:
arubaini na moja, arubaini na mbili.
Arubaini na mbili.
Kidole chavuja tena. Nakinyonya,
naanza upya safu.