Njiwa wa Mkokoteni wa Tatu

Mafundi cherehani walipewa Adamu na Hawa,
wakacheka: sisi tushone nini hapo?
Wachomeleaji wakapewa msalaba;
misumari waliifua wenyewe, ya nchi sita,
na hawakucheka.
Wauza maji wa Mikindani tukapewa Gharika.

Safina yetu ilikuwa mitungi arubaini ya lita ishirini,
mitupu, imefungwa kwa mipira ya baiskeli,
ikilia ngo, ngo, kila gurudumu likiingia shimoni.
Mwadime akawa Nuhu kwa sababu ya ndevu.
Mghoi wa kioski, mkewe wa mchezo,
alitakiwa akatae kupanda.
Hakuhitaji kufundishwa.
"Mvua gani, mzee? Siku ya kumi na tisa leo
mfereji unakohoa vumbi, nawe waniambia gharika?"
Watu wakashika mbavu,
maana hayo hayakuwamo kwenye daftari la Katekista Nzaro.

Mimi nilikuwa njiwa.
Juu ya bati la duka la Awadhi,
mabawa ya gunia la unga, jani la mwarobaini mdomoni,
nimeambiwa: usishuke mpaka usikie
"nchi imekauka."

Mungu, ambaye siku nyingine ni Dzombo wa bucha,
alikuwa ngazini, kainua mkono tu,
hajasema neno,
mfereji wa nyuma ya kanisa ukapiga chafya.
Ukapiga tena.
Kisha ile sauti
ambayo mtu wa kwetu huisikia hata usingizini.

Wa kwanza kushuka alikuwa Mungu,
pindo la joho kaliuma kwa meno.
Kaini na Habili wakagombania ndoo, wakapatana.
Safina ikafunguliwa mpira kwa mpira;
simba akabeba mitungi miwili, twiga mmoja,
ikabaki mbao, na Nuhu juu yake, fimbo mkononi.
"Jamani," akasema. "Jamani, bado siku arubaini."

Ndipo Mghoi, yeye aliyekataa, akapanda.
Akavua viatu.
"Haya, sogea. Nimeingia."
Wakakaa hivyo kwenye mkokoteni mtupu,
maji ya mitungi iliyofurika
yakipita chini ya magurudumu, yakiteremka bondeni,
na hakuna aliyeyafukuzia.

Nami juu ya bati la moto
nangoja neno langu.
Siku ile, Mikindani, nani angethubutu kulitamka?
Mama alipokuja na ngazi, jua limekwisha lala,
jani nilikuwa nimelimeza.