Mpaka wa Kibula

Mwaka wa pili, chuoni Malindi,
ratiba ilibandikwa mlangoni kwa karani:
Hesabu za Pembetatu. Ramani. Sheria ya Ardhi.
Na chini kabisa, kama chembe ya mchanga ndani ya wali:
Historia na Ushairi wa Pwani. Lazima.

Nikampigia Ami Famau, mlipa karo.
Alinyamaza hata nikadhani salio limekwisha.
"Barke," akasema, "mimi nauza saruji.
Mfuko kilo hamsini, mteja anauona.
Hilo shairi lako lina kilo ngapi?"

Sikumjibu. Nami nilikuwa nikiuliza hilohilo.

Mwalimu Sidi Kahindi aliingia na mfuko wa nailoni
umejaa nakala za hati, zina vivuli vya vidole,
Kiswahili kilichovaa herufi za Kiarabu.
Yeye Mgiriama wa Ganda, msalaba shingoni,
alizisoma kutoka kulia kama mtu anayerudi kwao.
Sisi wa Amu, tuliohitimu madrasa, tulikwama:
nukta zimedondoka, irabu hazimo,
neno moja laweza kuwa bata, au pata, au pita.
"Msibahatishe," alisema.
"Iulizeni sentensi inataka nini."

Nilipata C.
Daftari nikampa mwuza njugu, afungie.

Miaka minne baadaye, Kipungani.
Nusu eka, na dada wawili wasioamkiana.
Mashine yangu juu ya miguu yake mitatu,
satelaiti kumi na moja zikiniona,
kosa lisizidi sentimita mbili.
Mwana Kiona, yule mkubwa, akafungua kopo la maziwa ya unga
akatoa karatasi rangi ya chai.

"Kiarabu hicho," akasema msimamizi wangu, akitazama saa.
"Andika: hakuna waraka."

Hakikuwa Kiarabu. Kilikuwa Kiamu.
Nikasoma, kidole mbele, sauti nyuma:

*Matlai, ni mkoma uliopindama.
Suheli, ni ukuta wa ng'ombe.
Maghribi, ni ndia ya mai.
Kibula, ni hapo mwana aliyapo
mamake akali akimsikia.*

Nikarudia, nikilitaka neno liwe jingine.
Safari hii nukta zote zilikuwa mahali pake.

Basi tukamtuma Mbwarali, mshika fimbo,
baba wa watoto watano,
aende upande wa kibula huku akilia.
Alilia vibaya, wallahi. Alilia kama mbuzi wa mnada.
Tukacheka, hata wale dada,
kila mmoja akichekea upande wake.
Kisha akavuka mikoma, akapungua,
akawa uzi,
akawa ile sauti usiyojua
kama waisikia au waikumbuka.

"Mnamsikia?" nikauliza.
"Bado," akasema Mwana Kiona, asiyepata kuzaa.
"Bado," akasema mdogo wake, aliyezaa akazika.
Ilikuwa mara yao ya kwanza kukubaliana tangu matanga ya baba.

Kumbe Mbwarali alikuwa amenyamaza kitambo,
ameketi juu ya gogo, anatoa mwiba kiatuni.

Jioni hiyo niliandika tarakimu, na desimali zake tatu.
Chini yake nikainakili sentensi ile, herufi kwa herufi.
Faili likarudi na wino mwekundu:
*Fafanua kwa mita.*
Liko mezani pangu hadi leo. Nimeliwekea kikombe juu.

Sitasema ushairi uliwagawia shamba.
Haukuwagawia. Kesi ingali mahakamani.
Lakini nakijua kitu ambacho mashine yangu,
kwa satelaiti zake zote,
ingekipita kama mtu apitaye karibu na msiba
akidhani ni harusi.

Juzi Ami Famau alikuja ofisini, vumbi la saruji kwenye nyusi.
Hakuuliza habari za kilo.
Alitoa karatasi ya marehemu mamake, imekunjwa mara nane,
akaiweka mezani kwa mikono miwili.
"Ni risiti tu hii," akasema.
Hakuketi. Hakuondoka.