Ulisimama Wapi?

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nyuma ya duka la kuchapisha
pale Majengo, tunatundika picha kwenye kamba ya kuanikia,
na mwenye picha haruhusiwi kusema kitu
mpaka wengine wamalize.
Kanuni hiyo aliitunga Sechelela,
anayepiga picha za pasipoti siku sita kwa wiki
na anayejua masikio ya Makole nzima.

Mimi nilimleta shangazi.
Shangazi wa Mvumi, juu ya jabali,
anapepeta uwele, ungo uko juu,
jua la saa kumi limemkalia begani.
Wiki mbili nilikuwa nikiitazama picha ile
kama mtu anavyomtazama mtoto aliyelala.

"Nzuri," akasema Chilewa.
"Kali," akasema kijana wa chuo,
soda zikafunguliwa.
Mgema akisifiwa... huku kwetu hakuna minazi,
lakini mimi tembo nilikuwa nimeshalitia maji.

Sechelela akashusha miwani.
Akanyamaza kiasi cha chai kuchemka.
"Ulitaka nione nini?"
Kisha, kabla sijavunja kanuni:
"Uso wake unanikaribisha,
halafu ile nguzo ya umeme inanishika mkono, inanitoa nje.
Imemwota kichwani kama pembe.
Na mikono umeikata. Kwani mtu anapepeta kwa mabega?
Ulisimama wapi?"

Nilisimama barabarani, kando ya pikipiki.
Sikutaka pumba ziniingie kwenye viatu vipya.

Hilo sikulisema.
Niliivuta picha, kibanio kikaruka,
na usiku ule nilimjibu Sechelela kwa ufasaha mkubwa,
peke yangu, nikifua soksi.
Mwanamke wa masikio. Mwanamke wa pazia la bluu.
Nikakumbuka picha yake ya harusi kule Kongwa,
bibi harusi mguu mmoja haupo,
nikalitunza kosa lile
kama mtu anavyotunza risiti.

Ila nguzo.
Nikifumba macho, nguzo.

Siku ya nne nikapanda basi la Mvumi.
Shangazi akaipokea picha kwa mikono miwili,
akaigeuza nyuma kama kwamba kuna maelezo.
"Mbona haina upepo?"
Sikujua kama upepo unapigwa picha.
"Upepo wa kupepetea huja asubuhi, mwanangu.
Ile jioni nilikuwa nakusaidia tu.
Ungo ulikuwa mtupu."

Alicheka mpaka akakaa chini.
Mimi nilichelewa kidogo kucheka.

Asubuhi nilivua viatu.
Nikalala kifudifudi, jabali baridi kama sufuria ya jana,
pumba zikaniingia kwenye kola, machoni, kwenye lenzi,
na juu yangu mikono ile,
ufa wa dole gumba, pete iliyozama,
ikirusha, ikipokea, ikirusha,
wala haikuwa na habari nami.

Mwezi uliofuata Sechelela aliitazama muda mrefu.
"Umekaribia," akasema.
Mpaka leo sijajua alimaanisha jabali
au kwamba bado.
Risiti yangu ilikuwa mfukoni. Sikuitoa.

Ndipo Ndahani, miaka kumi na sita,
simu ya kaka yake, akatundika zabibu za Hombolo:
ukungu mtupu, na kona moja kidole.
Wote wakanigeukia, zamu ilikuwa yangu.
Shavu moja lilikuwa na "nzuri", rahisi, tamu, ya kuondokea.
La pili lilikuwa na kitu chenye ncha.
Nikavuta kigoda.
"Ulitaka nione nini?"

Akamtazama Sechelela, Sechelela akaitikia kwa kichwa,
kanuni ikalegea kidogo.
Kijana akasogea, akanyoosha kidole kilekile,
akagusa mahali katikati ya ukungu:
nyuki,
mguu mmoja bado umenata kwenye zabibu iliyopasuka.

Nilikuwa sijamwona.