Vidole Viwili

Ofisi ya matangazo, ghorofa ya tatu, Winnipeg,
ilinilipa kwa sura: dola arobaini,
na kila mwezi boksi moja la bure
la uji wa ngano wa Hrynchuk.
Nilikuwa na miaka ishirini na sita
na koti la marehemu baba.

Wakanipa picha. Onufri Hrynchuk, mwanzilishi,
kasimama mlangoni mwa kinu chake, Saskatchewan,
theluji magotini, kofia ya manyoya,
uso umefungwa kama duka siku ya msiba.
"Mchangamshe," wakasema.

Nikamchangamsha.
Mwaka wa kwanza tabasamu, la midomo tu.
Wa pili wakataka meno.
Nikampa meno, thelathini na mawili,
mzee ambaye, nilikuja kujua, alibakiwa na saba.
Wa nne wakaniambia kovu la shavuni linatisha watoto.
Nikalizima kwa tone la rangi.
Kofia ikaondoka, zikaja nywele nyeupe kama sufi.

Na mkono wa kulia, ulioshika kijiko,
pichani ulikuwa na vidole vitatu.
Nilidhani ni kivuli.
Nikaongeza viwili.
Hivyo hakuna aliyeniagiza. Hivyo ni vyangu.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.
Yeye kwa vitatu alivunja soko zima:
kutoka tanuri la mama yake na mikebe ya mafuta ya nguruwe
hadi mabehewa, hadi rafu za kila mji wenye rafu.
Watoto walimsoma usoni kabla ya kujua kusoma.
Kisha kampuni ikauzwa Toronto,
Toronto wakaiuza Chicago,
na uso ukaenda nayo, kama ng'ombe na kamba yake.

Nilimwona mara moja tu.
Yorkton, mwezi wa pili, baridi ya kupasua miti,
nyumba ya wazee yenye harufu ya kabichi na sabuni.
Binti yake, Yevdokia, alinivutia kiti.
Nilikuwa nimebeba boksi, sijui kwa nini,
labda kwa kuwa mkono mtupu haulambwi.

Akalitazama sana.
"Nani huyu mzee?"
"Ni wewe."
Akacheka mpaka Yevdokia akaleta maji.
Kisha akaweka kiganja chake juu ya kile nilichokichora,
vitatu juu ya vitano.
"Hivi viwili," akasema, "umevitoa wapi?"

Sikuwa na jibu. Akanipa yeye.
Mwaka wa thelathini na moja, oda ya kwanza ya reli,
magunia arobaini, treni ya alfajiri.
Usiku wa tatu bila kulala, mkono ukafuata ngano.
Kinu kile hakikuwa na haraka ya kusimama.

"Na gunia lile?" nikauliza.

Akakoroga uji wake. Akakoroga tena.

"Gunia moja lilikuwa viatu vya wanangu watatu,
na benki ilikuwa mlangoni.
Mama alilikalia usiku kucha.
Kulipokucha akalishona mdomo,
akalivuta juu ya theluji hadi makaburini,
akawasha moto ardhini ipate kulainika,
akachimba.
Alilizika kando ya mdogo wangu Marusia,
akasoma sala yote, bila padri, bila kuruka neno.
Thelathini na tisa yakapanda treni.
Reli ikakata pesa ya lililopungua,
na faini juu."

Kimya. Bomba la joto likakohoa ukutani.

"Theluji ilipoyeyuka, kila Jumapili
alikwenda kupaangalia."
"Pakaota kitu?"
"Ngano iliyokaangwa haioti, binti.
Hata yeye alijua.
Alikwenda tu."

Akaonja kijiko kimoja, akalisukuma bakuli.
"Sukari," akamwambia Yevdokia,
"hawa watu wa Chicago wameizidisha."