Mfuko wa Njegere

Kila Septemba timu ilinigawia mtoto mmoja
wa kulala chumba cha chini, kando ya tanuri:
mfungaji, mlinda lango, Mcheki aliyekunywa siki kwa kijiko.
Mwaka ule wakakuleta wewe, Orrin Chartrand,
miaka kumi na saba, mabega ya kujaza mlango,
na begi lenye glavu, tasbihi ya bibi yako na dawa ya chunusi.

"Huyu hafungi," kocha alisema, kama mtu anayeuza farasi.
"Huyu analinda wanaofunga."

Mabao mawili msimu mzima
(moja lilikugonga tako likaingia),
dakika mia tatu na nne kizimbani.
Wanaume wa Kindrey, waliokuja na theluji kwenye nyusi,
waliwasahau wafungaji kabla ya kufika garini.
Jina lako walilitaja kama la mafuriko:
ule mwaka wa Chartrand.

Nilikaa safu ya sita, nyuma ya kioo chenye ufa.
Nikakuona unagonga barafu kwa gongo, mara mbili,
kama mgeni anayepiga hodi.
"Tupigane?"
"Haya."
Mlikuwa na adabu kuliko wazazi waliowashangilia.
Glavu zikaanguka. Kofia zikafuata.
Waamuzi wakasimama pembeni, mikono nyuma,
kama wakwe wanaongoja mahari ihesabiwe.

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi,
lakini aliyesema hivyo hakuuona uwanja wetu.
Hapa hapaoti kitu.
Damu inakwanguliwa na mashine, maji ya moto yanamwagwa juu,
na kipindi cha tatu kinaanza juu ya weupe mpya
kama vile hamkuwapo.

Kisha usiku ule wa Februari.
Delmar Rempel, wa timu ya ng'ambo ya mto,
akakupasua jicho; wewe ukamlegeza meno mawili.
Ukumbi mzima ulisimama. Nami nilisimama, sikatai.
Saa nne dhoruba ikaifunga barabara kuu,
basi lao likakwama, na familia zikaombwa
kila moja ichukue mgeni.
Mimi wakanigawia Rempel.

Akaingia jikoni na soksi zilizotoboka,
akasema, "Shikamoo mama," kwa namna ya kwao,
yaani alivua kofia na kutazama sakafu.
Mkakaa meza moja. Hamkusemezana.
Niliweka machungwa katikati, nikageukia jiko,
na nilipogeuka tena chungwa lilikuwa bado zima:
mikono minne imevimba kama mikate,
hakuna kidole kilichoweza kulimenya.

Nikamenya mimi. Nikamenya tisa.
Mkala kama ndege, vinywa mbele, mikono mapajani.

"Nani kashinda?" nikauliza, kwa ujinga wangu.

Rempel akatema kokwa polepole, kwa ajili ya meno.
"Huu wangu wa kumi na moja tangu Krismasi," akasema.
"Kabla ya kila mmoja, natapika."

Nawe, bila kuinua uso:
"Mimi hutapika baadaye."

Mkacheka. Jamani, mlivyocheka!
Mshono wa jicho ukaachia, ikabidi nikimbilie taulo.
Kisha nikatoa njegere kwenye friza, mfuko mmoja tu,
mkapokezana hadi usiku wa manane:
ngumi yako, taya lake, ngumi yako.

Aprili wakakuacha. Msimu uliofuata nikaletewa mfungaji,
kijana mzuri, simkumbuki.
Nasikia unaendesha greda, unafungua barabara kabla ya alfajiri,
na mkeo hukununulia mashati ya zipu
kwa sababu vifungo vimekushinda.

Juzi mkwe wangu alikuwa anasafisha friza.
"Mama, hizi njegere zina miaka ishirini na miwili."
Nikamwambia azirudishe.
Zimegandamana zikawa jiwe moja,
na upande mmoja pana bonde dogo,
vifundo vinne, wazi kabisa,
pale ulipokuwa umeushika.