Usiku wa Kufua Jezi

Kesho mtoano. Usiku huu nafua.
Ndoo tatu, na hapa Newala maji
huulizwa bei kabla ya salamu.
Nimezipata kwa kumwahidi mwenye kisima
kwamba bintiye nitamfundisha sehemu
mpaka ajue robo na thumuni.

Jezi zetu zilikuwa njano. Sasa zina rangi
ya mbaazi zilizochemka zikasahaulika.
Naanza na namba moja.

Moja ya Nanjota. Kiwiko kina shimo
alilolipata Nachingwea, mechi ya kwanza,
alipoupangua mkwaju wa penalti akaangukia changarawe.
Bila kwa bila.
Tukarudi juu ya Fuso la magunia, tumekauka koo kwa kuimba,
ungedhani tumebeba kombe,
kumbe tumebeba pointi moja na vumbi.

Mbili na tatu nazitumbukiza pamoja.
Hazina kisa. (Wenyewe wasinisikie:
mabeki wa pembeni wana kinyongo kirefu.)

Nne ya Mrope inanuka salfa hadi leo.
Ilikuwa Juni, Tandahimba, mikorosho inapuliziwa,
na upepo wa kule hauna adabu,
ukatusukumia ule unga uwanjani.
Kipindi cha pili chote tulikohoa.
Refa anapuliza, refa anapiga chafya,
hatujui ipi faulo, ipi mafua.
Tukafungwa tatu kwa moja.
Mwalimu Hokororo, kocha wetu, mtu wa hesabu,
alituchorea ubaoni kila bao lilivyoingia,
akafuta,
akatupa jaribio la aljebra.

Saba ya Nambole. Hii ina bao la ukungu.
Tulikuwa nyumbani, tunacheza na Masasi,
dakika ya themanini goli halionekani kutoka katikati.
Tulisikia tu: teke, kimya, kelele.
Mshika kibendera akatembea hadi wavuni kama anayetafuta mbuzi,
akaukuta mpira umelala ndani.
Nambole anaapa ni wake.
Likwachala naye anaapa.
Masasi wanaapa hapakuwa na bao,
palikuwa na tundu wavuni.
Mimi daftari langu limeandika: moja kwa bila.

Lindi mjini sitaki kulisema.
Joto lilitukaanga, sisi watu wa masweta,
na kijana mmoja mwembamba akampiga Mrope kanzu
mbele ya wanachuo wa kike waliokuja kumtazama Mrope.

Mechi kumi na mbili. Ushindi sita,
sare nne, vipigo viwili.
Pointi ishirini na mbili, nafasi ya nne,
mlango wa mwisho kabla haujafungwa.

Nimeiruka tisa. Najua.

Akwilombe alifunga mabao saba katika mechi tano,
kisha ofisi ikabandika orodha ya wasiolipa ada.
Korosho za baba yake zilikwisha kuuzwa;
fedha ndiyo haijafika.
Aliondoka Agosti, godoro kichwani,
akanikabidhi jezi imekunjwa, ina jasho.
"Usiifue," alisema.
Niliifua. Ningeifanyaje? Ilinuka.
Kila wiki naifua na wenzake, safi, haijavaliwa,
na tangu hapo tunafunga kwa kona,
kwa bahati, kwa goti la mtu aliyekuwa anapita.

Saa nne simu imetetemeka:
"Mnada umefanyika. Mzee kalipwa nusu.
Niko Mahuta, gari limekata sista."

Nusu ya ada. Nusu ya njia.
Mwalimu Hokororo angesema nusu mara nusu ni robo,
na robo hapangwi kikosini.
Sijamwamsha.

Naikamua tisa kwa mikono miwili,
naianika kati ya nane na kumi.
Ukungu umeanza kupanda kutoka bonde la Ruvuma,
tayari nguzo ya pili ya kamba siioni.
Hazitakauka hizi.
Kesho tutaingia na jezi mbichi.